Dawa za Kisukari na Mafuta ya Damu

Dawa ya kisukari hupimwa kwanza kwa kazi yake ya kushusha sukari. Hata hivyo, nyingi ya dawa hizi hugusa pia mafuta yaliyomo kwenye damu, yaani kolesteroli na trigliseridi. Baadhi huyashusha, baadhi huyapandisha, na nyingine huyaacha yalivyo. Hali hii hutokana na maumbile ya mwili wenyewe: sukari na mafuta hushughulikiwa na viungo vilevile, hasa ini, misuli na seli za mafuta, na vyote hutii amri ya homoni moja, insulini. Dawa inayobadilisha mwenendo wa insulini haiwezi kuishia kwenye sukari peke yake.

Jambo hili lina uzito kwa sababu maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kuua watu wenye kisukari aina ya 2. Mgonjwa anaweza kufanikiwa kuishusha sukari yake na bado mishipa ikaendelea kuziba kwa mafuta.

Mafuta ya damu ni yapi

Kolesteroli ni kitu cha lazima mwilini. Hutumika kujenga utando wa seli, na kutokana nayo mwili hutengeneza homoni za uzazi, vitamini D na asidi za nyongo. Sehemu kubwa yake hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa mstari wa mbele. Chakula huongeza kiasi kidogo tu. Trigliseridi ni mafuta ya akiba: nishati iliyozidi, iwe imetoka kwenye nyama ya mafuta, ugali au soda, huwekwa kwa sura hiyo.

Mafuta hayayeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo husafirishwa yakiwa yamefungwa ndani ya chembe ndogo zenye protini, ziitwazo lipoprotini. Ini hutoa chembe za VLDL zilizojaa trigliseridi. Zinapopita kwenye misuli na tishu za mafuta, kimeng'enya kiitwacho lipoprotini lipesi huzipunguzia shehena hiyo, na hatimaye hubaki chembe za LDL zenye kolesteroli nyingi. LDL zikizidi hupenya kwenye kuta za mishipa, huganda humo na kuanzisha utando unaoweza kuziba njia ya damu. Ndiyo maana huitwa kolesteroli mbaya. HDL huokota kolesteroli na kuirudisha kwenye ini, nayo imepewa jina la kolesteroli nzuri.

Maabara nyingi za Afrika Mashariki na Ulaya huandika majibu kwa mmol/L, na za Marekani kwa mg/dL. Kipimo cha kolesteroli cha mmol/L kikizidishwa kwa 38.7 hupatikana mg/dL. Kwa trigliseridi huzidishwa kwa 88.6. LDL yenyewe mara nyingi haipimwi moja kwa moja. Hukokotolewa kutokana na vipimo vingine kwa kanuni iliyochapishwa na William Friedewald na wenzake mwaka 1972, na kanuni hiyo haifai tena trigliseridi zinapozidi 4.5 mmol/L. Hali hiyo si adimu kwa mgonjwa ambaye sukari yake imepanda sana.

Kisukari kinavyovuruga mafuta

Insulini ikifanya kazi vizuri, huziamuru seli za mafuta zishikilie akiba yake. Katika kisukari aina ya 2 seli hizo huwa sugu kwa amri hiyo. Hufungua ghala na kumwaga asidi za mafuta kwenye damu. Ini huzipokea na kuzigeuza kuwa VLDL nyingi kupita kiasi. Wakati huohuo lipoprotini lipesi hupungua nguvu, hivyo trigliseridi hubaki kwenye damu muda mrefu zaidi.

Wingi huo huzibadilisha chembe nyingine pia. VLDL hubadilishana shehena na LDL na HDL, zikitoa trigliseridi na kupokea kolesteroli. HDL zilizojaa trigliseridi huvunjwavunjwa na kuondolewa haraka, na kiwango chake kushuka. LDL nazo hupunguzwa zikawa ndogo na nzito, sura ambayo hupenya kuta za mishipa kwa urahisi na hukaa zaidi kwenye damu. Ndiyo sababu cheti cha maabara cha mgonjwa wa kisukari aina ya 2 huwa na alama tatu zinazofuatana: trigliseridi juu, HDL chini, na LDL ambayo huenda ikaonekana ya kawaida kwa tarakimu ilhali chembe zake ni nyingi na za sura mbaya.

Katika kisukari aina ya 1 mambo ni tofauti. Mgonjwa anayepata insulini ya kutosha anaweza kuwa na mafuta ya kawaida kabisa, hata HDL nzuri. Asipoipata, trigliseridi zinaweza kupanda mno kiasi cha kuifanya sehemu ya majimaji ya damu ionekane nyeupe kama maziwa.

Insulini

Insulini ilitumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza Toronto, Kanada, Januari 1922, kufuatia kazi ya Frederick Banting, Charles Best, John Macleod na James Collip. Athari yake kwa mafuta hujitokeza haraka kuliko ya dawa nyingine nyingi za kisukari. Hufunga ghala la seli za mafuta, huamsha lipoprotini lipesi, na kulipunguzia ini kasi ya kutoa VLDL. Trigliseridi zilizopanda kwa kukosa insulini zinaweza kushuka ndani ya siku chache. Hilo ni jambo la kuokoa maisha, kwa kuwa trigliseridi zinazozidi takriban 10 mmol/L zinaweza kuliwasha kongosho, na uvimbe mkali wa kongosho huua.

Kwa upande wa LDL, insulini hubadilisha kidogo tu. Nayo ina gharama yake: watu wengi huongezeka uzito wanapoianza, na uzito ukizidi usugu wa mwili huongezeka. Faida ya mafuta hudumu zaidi pale dozi inapokwenda sambamba na chakula na mazoezi.

Metfomini

Metfomini ni ndugu wa kemikali za mmea uitwao Galega officinalis, uliotumika Ulaya kama dawa ya kienyeji. Daktari Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari huko Ufaransa mwaka 1957. Marekani ilichelewa hadi miaka ya katikati ya 1990 kuiruhusu, na leo ndiyo kidonge cha kwanza katika nchi nyingi.

Kazi yake kuu ni kulizuia ini lisitoe sukari nyingi. Pamoja na hilo, hushusha LDL na trigliseridi kwa kiasi kidogo. Sehemu ya athari hiyo hutoka kwenye ini lenyewe, na sehemu nyingine kwenye utumbo, ambako metfomini hupunguza kufyonzwa tena kwa asidi za nyongo; ini hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyingine. Haiongezi uzito, na baadhi ya watu hupungua kidogo.

Utafiti mkubwa wa Uingereza ujulikanao kama UKPDS, ulioanza mwaka 1977 na kutoa matokeo yake makuu mwaka 1998, ulionyesha kwamba wagonjwa wanene waliopewa metfomini tangu mwanzo walipatwa na mshtuko wa moyo kwa asilimia 39 pungufu kuliko wale waliotegemea ushauri wa chakula. Faida hiyo ni kubwa mno kuelezwa na mabadiliko madogo ya kolesteroli peke yake.

Vidonge vya jamii ya sulfonilurea na gliptini

Glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi ni za jamii ya sulfonilurea. Asili yake ni mwaka 1942 mjini Montpellier, Ufaransa, ambako Marcel Janbon aliona wagonjwa wa homa ya matumbo waliopewa dawa ya salfa wakishukwa na sukari kupita kiasi, na Auguste Loubatières akaendelea kuchunguza sababu. Dawa hizi hulikamua kongosho litoe insulini zaidi. Kwa mafuta ya damu, hazina faida wala hasara kubwa: trigliseridi zinaweza kupungua kidogo sukari inaposhuka, na LDL hubaki pale ilipokuwa.

Gliptini, zikiwemo sitagliptini, vildagliptini na linagliptini, nazo ziko karibu na mstari wa katikati. Hupunguza kiasi trigliseridi zinazopanda baada ya kula, lakini kwenye kipimo cha kufunga tofauti huwa ndogo. Akabosi, inayochelewesha kumeng'enywa kwa wanga, huwa na athari ndogo ya namna hiyohiyo.

Glitazoni: dawa mbili za jamii moja

Hakuna kundi lililofundisha tahadhari kama glitazoni. Rosiglitazoni na pioglitazoni ziliruhusiwa Marekani mwaka huohuo wa 1999. Zote mbili hupunguza usugu wa mwili kwa insulini kwa kuamsha kipokezi kiitwacho PPAR-gama ndani ya seli za mafuta, na zote hushusha sukari kwa kiwango kinachokaribiana. Kwenye mafuta zilitengana. Pioglitazoni hushusha trigliseridi na kupandisha HDL. Rosiglitazoni nayo hupandisha HDL, lakini huongeza LDL zaidi na haishushi trigliseridi. Katika ulinganisho wa moja kwa moja uliochapishwa mwaka 2005, trigliseridi zilipungua kwa waliotumia pioglitazoni na kuongezeka kwa waliotumia rosiglitazoni.

Mwaka 2007 Steven Nissen na Kathy Wolski walikusanya matokeo ya majaribio 42 na kukuta hatari ya mshtuko wa moyo imeongezeka kwa asilimia 43 kwa watumiaji wa rosiglitazoni. Mjadala ulikuwa mkali. Mwaka 2010 dawa hiyo ilisimamishwa Ulaya na kuwekewa masharti makali Marekani. Mwaka 2013, baada ya data za jaribio jingine kupitiwa upya, Marekani ililegeza masharti hayo. Pioglitazoni imebaki sokoni, ila inaweza kujaza maji mwilini, hivyo haipewi mtu mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, na huongeza hatari ya kuvunjika mifupa, hasa kwa wanawake.

Sakata hilo lilizaa mwongozo mpya. Desemba 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitaka kila dawa mpya ya kisukari ithibitishe kwamba haiuhatarishi moyo. Makampuni yalilazimika kufanya majaribio makubwa yanayohesabu mishtuko ya moyo, viharusi na vifo, badala ya kutosheka na kipimo cha sukari.

Glifozini: LDL juu, vifo chini

Majaribio hayo yalileta jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Glifozini, zikiwemo dapaglifozini, empaglifozini na kanaglifozini, hufanya kazi kwenye figo: huzuia sukari isirudishwe kwenye damu, nayo hutoka na mkojo. Chimbuko lake ni florizini, kemikali iliyopatikana kwenye gome la mtofaa mwaka 1835. Mwili unaopoteza sukari kwa njia hiyo hugeukia kuchoma mafuta zaidi. Trigliseridi hushuka kidogo, HDL hupanda kidogo, na LDL nayo hupanda kidogo.

Kwa kuangalia cheti cha maabara tu, dawa inayopandisha LDL ingeonekana hatari. Lakini mwaka 2015 jaribio la EMPA-REG OUTCOME, lililohusisha wagonjwa wapatao 7,020 wenye kisukari na maradhi ya moyo au mishipa, lilionyesha kwamba vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 38 kwa waliopewa empaglifozini, na kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi kukapungua kwa asilimia 35. Faida hiyo inahusishwa zaidi na kupungua kwa maji na chumvi mwilini, shinikizo la damu, uzito na mzigo wa figo. Aidha, uchunguzi wa dapaglifozini ulionyesha kwamba chembe zinazoongezeka ni zile LDL kubwa, huku zile ndogo na nzito zikipungua.

Rosiglitazoni na empaglifozini zote huongeza LDL, lakini zilifika sehemu tofauti kabisa. Tarakimu ya kolesteroli inayobadilika kwa sababu ya dawa ya kisukari haiwezi, peke yake, kutoa hukumu kama dawa hiyo inaufaa moyo au inaudhuru.

Sindano za GLP-1

Liraglutidi, dulaglutidi na semaglutidi huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Ya kwanza katika jamii hii, eksenatidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kemikali iliyogunduliwa kwenye mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Amerika Kaskazini, Heloderma suspectum. Dawa hizi huongeza insulini pale tu sukari inapopanda, huchelewesha chakula tumboni na kupunguza hamu ya kula. Utumbo nao hutoa chembe chache za mafuta baada ya mlo. Trigliseridi hushuka, LDL hushuka kiasi kidogo, na uzito unaopungua husukuma mabadiliko hayo mbele zaidi.

Katika jaribio la LEADER la mwaka 2016, lenye washiriki 9,340, liraglutidi ilipunguza jumla ya vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi kwa asilimia 13. Tirzepatidi, inayoamsha vipokezi vya homoni mbili kwa pamoja, hushusha uzito na trigliseridi kwa kiasi kikubwa zaidi. Bei bado ndiyo kizuizi kikubwa kwa wagonjwa wengi wa Afrika.

Dawa inayogusa vyote viwili

Kolesevelamu ni mfano wa pekee. Haiingii kwenye damu; hunasa asidi za nyongo ndani ya utumbo na kutoka nazo, na ini hulazimika kuchukua LDL kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyingine. LDL hushuka kwa takriban asilimia 15. Iligundulika kwamba hushusha pia sukari, na mwaka 2008 Marekani iliiruhusu kwa kisukari aina ya 2. Kasoro yake ni kwamba hupandisha trigliseridi, hivyo haimfai mtu ambaye zake zimeshapanda sana.

Statini na sukari

Uhusiano huu una upande wake wa pili: dawa ya kolesteroli nayo hugusa sukari. Statini, jamii iliyoanzia kwenye ugunduzi wa Akira Endo wa Japani katika miaka ya 1970 kutokana na ukungu, hulizuia ini kutengeneza kolesteroli. Uchambuzi wa majaribio 13 yenye washiriki 91,140, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba statini huongeza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 9. Maana yake, kwa kila watu 255 watakaoitumia kwa miaka minne, mmoja zaidi atapata kisukari. Mwaka 2012 FDA iliagiza habari ya sukari kupanda iandikwe kwenye maelezo ya dawa hizo.

Tahadhari hiyo haiondoi thamani yake. Jaribio la CARDS, lililochapishwa mwaka 2004, liliwapa atovastatini ya miligramu 10 wagonjwa wa kisukari aina ya 2 ambao hawakuwa na maradhi ya moyo. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 37, na jaribio likasitishwa karibu miaka miwili kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikuwa imeshadhihirika. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa watu wenye kisukari, kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L kwa statini, matukio hayo hupungua kwa takriban moja ya tano. Hakuna dawa ya sukari ya kawaida inayoishusha LDL kwa kiasi hicho. Ndiyo maana miongozo mingi hushauri wengi wa watu wenye kisukari wenye umri wa kuanzia miaka 40 wapewe statini, hata kama sukari imetulia na kolesteroli haikupanda sana.

Dawa zinapokutana

Mgonjwa anayetumia dawa kadhaa huhitaji uangalizi wa jinsi zinavyokutana mwilini. Jemfibrozili, ya kushusha trigliseridi, huzuia ini kuvunja repaglinidi, kidonge cha kisukari, na sukari inaweza kushuka hadi kiwango cha hatari. Mbili hizo hazitumiwi pamoja. Nayasini, dawa nyingine ya mafuta ya damu, kwa dozi kubwa huboresha HDL lakini hupandisha sukari.

Kwa Afrika Mashariki, ambako wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanatumia dolutegraviri, jambo jingine ni muhimu. Dolutegraviri huzuia figo kuitoa metfomini, ambayo huongezeka kwenye damu. Dozi ya metfomini kwa kawaida huwekewa kikomo cha miligramu 1,000 kwa siku. Dawa za zamani za virusi kama lopinaviri pamoja na ritonaviri hupandisha trigliseridi zenyewe. Hivyo mafuta yaliyovurugika kwa mgonjwa wa namna hiyo yanaweza kuwa na chanzo nje kabisa ya dawa za kisukari. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, steroidi, na tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, zote zinaweza kuleta picha hiyohiyo.

Kusoma majibu

Kipimo cha kwanza kinachofaa ni kile cha kabla ya kuanza dawa, kwani bila hicho haijulikani kilichobadilika. Kipimo cha pili hufaa miezi mitatu hivi baada ya dawa kuanzishwa au kubadilishwa, muda ambao HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari, nayo huwa imeshaonyesha mwenendo mpya wa sukari. Kwa statini, wiki 4 hadi 12 hutosha. Mgonjwa anaweza kupimwa bila kufunga kula, isipokuwa trigliseridi zikionekana juu sana. Hapo kipimo hurudiwa akiwa amefunga.

Trigliseridi zilizopanda pamoja na sukari huashiria kwanza kwamba sukari haijadhibitiwa, na mara nyingi hushuka sukari inaposhuka. LDL iliyo juu haifuati sukari kwa kiasi hicho, hivyo huhitaji tiba yake yenyewe. Miongozo ya kimataifa hulenga LDL chini ya 2.6 mmol/L kwa mwenye kisukari aliye katika hatari ya wastani, chini ya 1.8 kwa hatari kubwa, na chini ya 1.4 kwa aliyekwishapatwa na maradhi ya moyo au kiharusi. LDL ikipanda kidogo baada ya kuanza glifozini, dawa hiyo haiachwi kwa sababu hiyo. Kinachoangaliwa ni kama statini inatumika na dozi yake inatosha. Kuacha dawa ya kisukari kwa hofu ya tarakimu moja, bila daktari kujua, huirudisha sukari juu na kuyavuruga mafuta kuliko yalivyokuwa.